Duke Hakufika Kwetu

Mwaka jana nilinunua kitabu kwa shilingi 100 pale inama. Kama hujui inama, ni wale wauzaji wanaotandika vitabu vya mitumba kwenye magunia kando ya barabara Nairobi, na wewe mnunuzi sharti uiname ndipo usome majina. Jalada lilikuwa na mwanamke wa gauni refu, kiuno kimepandishwa hadi chini ya kifua, amesimama mbele ya jumba la mawe, uso umegeuzwa nusu. Muuzaji aliniangalia akacheka. "Hizo ni za akina mama wa kanisa, madam." Nikamwambia najua. Nilikua nazo.

Kwetu zilikuwa na rafu yao, chini ya Biblia na juu ya sahani za wageni. Mama alikuwa akizipata kwenye kikundi cha akina mama, ambacho nacho kilikuwa kimezipokea kwenye maboksi ya misaada kutoka Marekani, pamoja na miwani kuukuu na sweta zisizomtosha mtu. Zilizunguka nyumba kwa nyumba hadi zikaanza kuachia kurasa. Riwaya za mapenzi za kawaida zilikuwa marufuku kwetu. Hizi ziliruhusiwa kwa sababu zilikuwa na maombi ndani yake, na kwa sababu busu lilikuja ukurasa wa mwisho, baada ya pete.

Baadaye nilienda chuo kusomea fasihi. Nilifika mwaka wa tatu kabla karo haijanishinda, na katika muda wote huo sikumbuki vitabu hivi vikitajwa darasani isipokuwa kwa kicheko. Nilicheka na wengine. Sasa naandika makala za kulipwa kwa neno, hakuna mhadhiri wa kumfurahisha, kwa hivyo nimerudi kwenye ile rafu na swali ambalo nilipaswa kuliuliza kitambo: kwa nini Wakristo wa Marekani walioandika hadithi hizi walichagua Uingereza ya miaka 200 iliyopita? Na sisi, watoto wa kijiji chenye matope na redio moja, tulikuwa tukitafuta nini humo?

Tuanze na wakati wenyewe. Kipindi hiki kinaitwa Regency kwa sababu Mfalme George III wa Uingereza alipopatwa na maradhi ya akili, mwanawe alikabidhiwa kazi ya kutawala kwa niaba yake kuanzia mwaka 1811, hadi mzee alipofariki mwaka 1820. Ni miaka tisa tu. Ndani ya miaka hiyo tisa Napoleon alishindwa pale Waterloo, wafumaji walivunja mashine za viwandani na wengine wakanyongwa kwa hilo, na askari wa farasi wakavamia umati uliokuwa ukidai haki ya kupiga kura kule Manchester. Ndani ya miaka hiyo hiyo pia Jane Austen alichapisha riwaya zake, kuanzia Sense and Sensibility mwaka 1811 hadi mbili zilizotoka baada ya kifo chake mwaka 1817.

Hapa kuna kichekesho ambacho sijaona mtu wa kanisa akikitaja. Yule mwanamfalme ambaye kipindi kimepewa jina kwa ajili yake alikuwa mlafi, mlevi, mwenye madeni na vimada, aliyefunga ndoa ya siri na mjane Mkatoliki mwaka 1785, ndoa ambayo sheria haikuitambua, kisha akaoa tena miaka kumi baadaye, na mke huyo wa pili wakashindwana karibu mara moja. Austen mwenyewe hakumpenda, ingawa alilazimika kumtolea Emma kama heshima. Yaani walokole walipotafuta enzi ya usafi, waliangukia enzi ya mtu huyo.

Lakini enzi tunayoisoma si ile ya historia. Ni ile iliyojengwa na Georgette Heyer, Mwingereza aliyechapisha Regency Buck mwaka 1935 na kuendelea kwa karibu miaka 40. Heyer ndiye aliyetupa samani: aina za magari ya farasi, namna ya kufunga kitambaa cha shingoni, mama mkwe mwenye ulimi, dansi ambayo kila mtu anamchunguza kila mtu. Kwake dini ilikuwa kitu cha Jumapili, kama kofia. Upande mwingine, Marekani na Kanada zilikuwa na hadithi za mapenzi za Kikristo zilizotokea mashambani, na mama wa kundi hilo ni Janette Oke, ambaye Love Comes Softly yake ilitoka mwaka 1979. Huko ni mikokoteni, theluji, wajane na Biblia. Kuna watu waliokuja kuunganisha hizi mbili, samani za Heyer na sala za Oke. Julie Klassen alitoa Lady of Milkweed Manor mwaka 2008 kupitia Bethany House. Sarah E. Ladd akafuata na The Heiress of Winterwood mwaka 2013. Kristi Ann Hunter akaja na A Noble Masquerade mwaka 2015, na Carolyn Miller, ambaye ni Mwaustralia, The Elusive Miss Ellison mwaka 2017. Mama anawajua wote hawa kama wengine wanavyojua wachezaji wa Gor Mahia.

Sasa, kwa nini Regency? Jibu langu ni kwamba wakati huu unamfanyia mwandishi Mkristo kazi ambayo vinginevyo angelazimika kuifanya mwenyewe. Ukiandika mapenzi ya Kikristo ya Nairobi ya leo, lazima ueleze kwa nini hawa wawili hawajalala pamoja. Lazima mmoja atoe hotuba kuhusu nadhiri yake, na mara mhusika anapoanza kuhutubia, hadithi inalala. Kwenye Regency hakuna haja. Msichana haruhusiwi kukaa chumbani peke yake na mwanamume, basi. Akionekana bustanini na kijana bila mtu wa kuwasindikiza, jina lake limekwisha kabla ya chai ya jioni. Kinachowazuia hakitoki moyoni tu, kimewazunguka pande zote. Kwa hivyo mwandishi anaweza kutumia kurasa 40 kwa ajili ya mkono uliovuliwa glavu, na msomaji haoni kwamba amehubiriwa.

Na lazima niseme ukweli, kurasa hizo 40 ni tamu. Watu wanaozicheka hawajawahi kulelewa mahali ambapo kutazamana tu ni tukio. Mimi nimelelewa hapo. Kanisani kwetu wavulana walikaa upande wa kulia na sisi wa kushoto, na ukigeuza shingo kuna mama mmoja aliyekuwa na kazi hiyo tu, kuhesabu shingo. Nilipomsoma Miranda wa A Noble Masquerade akiandika barua za siri kwa rafiki wa kaka yake, duke ambaye hajawahi kukutana naye, barua ambazo hakukusudia zitumwe, kisha mtumishi mpya wa nyumba anaituma mojawapo, nilijua kabisa jasho lile la mikono. Mtumishi ndiye duke mwenyewe, amejificha kwa kazi ya ujasusi. Ni upuuzi, ndiyo. Lakini Hunter anajua kuchekesha, na anajua kwamba msichana aliyefundishwa adabu tangu utotoni ana maneno mengi ambayo hajawahi kuruhusiwa kuyasema. Kwa binti wa miaka 14 kijijini, hiyo haikuwa habari ya Uingereza.

Tatizo langu linaanza na ile dini yenyewe.

Wahusika wa riwaya hizi wanaomba kama Wamarekani wa leo. Wanaongea na Mungu kwa maneno yao, peke yao, chumbani au juu ya farasi. Wana shida moja ya kiroho kila mmoja: huyu hajui kusamehe, yule anataka kutawala kila kitu, mwingine anadhani thamani yake iko kwenye sura. Kufikia sura ya 30 shida hiyo imekabidhiwa kwa Bwana, na sura ya 31 posa inakuja. Nimezisoma zaidi ya 20, na mpangilio huo haubadiliki sana. Moyo ukinyooka, njia inanyooka. Kwa lugha ya kwetu, ni ushuhuda wa Jumapili uliovishwa gauni.

Sasa linganisha na kanisa la wakati ule. Kanisa la Uingereza la mwaka 1811 lilikuwa, pamoja na mengine yote, mali. Nafasi ya kasisi katika parishi ilikuwa na mapato yake, hasa fungu la kumi kutoka kwa wakulima, na mara nyingi haki ya kumteua kasisi ilikuwa mikononi mwa tajiri wa eneo hilo, ambaye angeweza hata kuiuza. Kuna makasisi waliokuwa na parishi mbili tatu na hawakuishi katika hata moja, wakimlipa msaidizi maskini awafanyie kazi. Austen, binti wa kasisi, alilijua hili kama anavyojua jikoni kwao. Bwana Collins wa Pride and Prejudice hakuitwa na Mungu, aliitwa na Lady Catherine. Katika Sense and Sensibility, Edward Ferrars anapata nafasi ya ukasisi pale Kanali Brandon anapompa parishi. Kila mtu anajua kiasi inacholeta kwa mwaka. Austen hatuonyeshi mhusika wake akipiga magoti na kupokea jibu. Anatuonyesha mtu akigundua kwamba amekuwa mpumbavu na mwenye kiburi, kisha anatuonyesha kama atabadilisha mwenendo. Imani iko kwenye mwenendo.

Simaanishi kwamba walokole hawakuwapo. Walikuwapo, na walikuwa na nguvu. Hannah More, mwandishi wa kiinjili, alichapisha mwishoni mwa mwaka 1808 riwaya iitwayo Coelebs in Search of a Wife, kuhusu kijana anayetafuta mke mcha Mungu, na ilisomwa sana kuliko chochote alichopata Austen akiwa hai. Ukitaka bibi mzaa bibi wa riwaya za mama yangu, ni huyo. Kwa hivyo waandishi wa leo hawajabuni tu kutoka hewani. Wangeweza kuandika juu ya watu hawa kwa kweli: walivyogombana na majirani zao, walivyochekwa kwenye dansi, walivyowapangia maskini maisha. Wengi hawafanyi hivyo. Wanachukua nguo, wanaacha ugomvi.

Kisha kuna sheria, ambayo mara nyingi inageuzwa pambo. Tangu sheria ya ndoa ya mwaka 1753, kijana chini ya miaka 21 aliyetaka leseni ya kuoa alihitaji idhini ya mzazi, au majina yatangazwe kanisani Jumapili tatu ambapo mzazi angeweza kusimama akapinga. Ndiyo maana wapenzi walikimbilia Gretna Green, ng'ambo ya mpaka wa Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Riwaya zinapenda safari hiyo ya usiku. Zisichopenda ni kinachofuata asubuhi. Mwanamke akishaolewa, fedha zake na mapato yake vilikuwa vya mume, isipokuwa familia ilikuwa na uwezo wa kuweka mkataba wa kuzilinda, na hali hiyo haikuanza kubadilika hadi sheria za 1870 na 1882. Talaka kamili ilihitaji sheria maalumu ya Bunge hadi mwaka 1857. Hata watoto walikuwa wa baba. Mama hakuwa na haki ya kudai kuwalea hadi mwaka 1839. Ukishayajua haya, ukurasa wa mwisho wenye kengele za kanisa unausoma kwa tumbo lingine. Elizabeth Bennet hakuwa akichagua mpenzi tu, alikuwa akichagua serikali.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kitabu kimoja ambacho sijaweza kukiondoa kichwani.

Lady of Milkweed Manor inaanza pale ambapo zingine zinaishia kwa kuogopa. Charlotte Lamb ni binti wa kasisi, ana miaka 20, na ana mimba bila mume. Baba anamfukuza. Anafichwa London katika nyumba ya wanawake walio na mimba nje ya ndoa, na daktari wa hapo ni Daniel Taylor, kijana ambaye zamani alimpenda na akakataliwa. Baba wa mtoto ni bwana mwenye heshima, ameoa mtu mwingine, na dunia haimgusi. Charlotte anajifungua mtoto wa kiume. Kisha anafanya uamuzi wa kumwachia mwanawe akalelewe kama mtoto halali wa baba yake huyo na mke wake, ambao wao wamefiwa na kichanga chao, na siri ibaki siri. Yeye maziwa bado yanamtoka, anakuwa mnyonyeshaji wa mtoto wa mtu mwingine.

Ni kitabu cha kwanza cha Klassen na kina makosa yake. Sadfa ni nyingi mno, na kuna sura zinazolia zaidi ya msomaji. Lakini amefanya utafiti na umempeleka mahali pagumu. Nyuma ya nyumba yake ya kubuni kuna taasisi ya kweli, Foundling Hospital ya London, iliyopata hati yake mwaka 1739 kwa juhudi za nahodha Thomas Coram na kupokea watoto wa kwanza mwaka 1741. Kufikia enzi ya Regency mama alilazimika kuja mwenyewe mbele ya kamati na kuulizwa maswali. Mtoto awe wa kwanza. Mama awe alikuwa na tabia njema kabla ya kuanguka. Baba awe ametoroka. Kamati ya wanaume waliovaa vizuri ikiamua ni nani alianguka kwa heshima na ni nani alianguka vibaya. Mtoto wa nje ya ndoa kisheria hakuwa mtoto wa mtu yeyote, na mnamo mwaka 1834 sheria mpya ya maskini ikaja kumtwika mama karibu mzigo wote.

Nilimpa dada yangu mkubwa kitabu hiki. Ameniruhusu niandike.

Alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Jina lake lilisomwa kanisani Jumapili, akaambiwa akae benchi la nyuma kwa miezi sita na asishiriki meza ya Bwana. Mvulana alikuwa mwimbaji wa kwaya. Aliendelea kuimba. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa na miaka 9 na Jumapili ile ile aliimba pekee yake, ubeti mzima, sauti nzuri kabisa. Dada akapelekwa kwa shangazi mji mwingine, na aliporudi kulikuwa na mtoto ambaye tuliambiwa ni ndugu yetu mdogo. Anamwita mama yangu "mama". Dada yangu anamwita kwa jina lake. Siku hizi Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema wazazi wote wawili wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Mwimbaji ana duka la simu. Hajawahi kununua hata daftari.

Dada alisoma kitabu kwa siku mbili. Nilidhani atalia. Aliponirudishia alikuwa amekunja ukurasa mmoja, ule wa Charlotte kumtoa mtoto, na akaniambia: "Hapa wamesema ukweli. Lakini wewe, umeona? Tangu ukurasa wa kwanza kuna daktari anamngoja."

Sijasikia uhakiki mzito kuliko huo. Klassen ana ujasiri wa kumwangusha Charlotte, lakini si ujasiri wa kumwacha msomaji bila kimbilio. Daktari yuko mlangoni kabla hata maumivu hayajaanza, ana elimu, ana huruma, na alishampenda. Neema kwenye riwaya hizi karibu kila mara inakuja na mwanamume mwenye mapato. Mungu anasamehe, na dalili ya kwamba amesamehe ni posa. Hunter alilirudia suala hili katika A Defense of Honor ya mwaka 2018, ambako wanawake watatu wanalea kwa siri watoto wa mabwana wakubwa waliozaliwa nje ya ndoa, na ni kitabu chenye hasira safi kuhusu baba wanaotoroka. Hata humo, bwana mzuri anatokea msituni. Lazima atokee, kwa kuwa hadithi ya mapenzi bila ndoa mwishoni msomaji wake atairudisha dukani. Naelewa. Lakini ukimfundisha msichana kwa vitabu 20 kwamba msamaha una sura ya mchumba, yule ambaye mchumba hakuja atahesabu nini? Atahesabu kwamba bado hajasamehewa. Dada yangu alikaa benchi la nyuma miaka miwili. Miezi sita ilikwisha, hakuna aliyemwambia arudi mbele, naye hakuuliza.

Kuna kimya kingine. Mabwana hawa mapato yao yanatoka wapi? Mashamba, kodi za wapangaji, na kwa familia nyingi, sukari. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, miaka minne kabla ya Regency kuanza, lakini utumwa wenyewe katika makoloni yake ya Karibi uliendelea hadi sheria ya mwaka 1833. Wakati huo serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Walilipwa wenye watumwa, watumwa hawakupata kitu. Kwa hivyo dansi zote hizi zinachezwa huku watu wakikatwa migongo Jamaica na Antigua. Austen aliligusa katika Mansfield Park mwaka 1814: Sir Thomas ana mali Antigua, na Fanny anapouliza juu ya biashara ya watumwa, nyumba nzima inanyamaza. Riwaya za rafu ya mama mara nyingi zinanyamaza hata bila kuulizwa, au zinamweka shujaa upande wa Wilberforce kwa sentensi moja ili tumpende, kisha tunaendelea na keki. Vanessa Riley, Mmarekani mweusi aliyeanza na riwaya za Kikristo za enzi hii kama Madeline's Protector ya mwaka 2013, amekuwa akiandika watu weusi ndani ya Regency kwa sababu walikuwapo. Riwaya zake hazijawahi kufika kwenye maboksi yetu ya misaada. Nilizitafuta.

Na hapa Uingereza ile si mbali nasi hata kidogo. Wale walokole wa Clapham, kitongoji cha London, kina Wilberforce na marafiki zake waliopigana na biashara ya watumwa, ndio pia walioanzisha mwaka 1799 chama cha umisheni kilichokuja kuitwa CMS. CMS ndiyo iliyomtuma Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baada ya kufika, mkewe Rosine alifariki pamoja na mtoto wao mchanga, na kaburi liko Mombasa upande wa Nyali. Krapf aliendelea hadi Rabai, akaandika sarufi ya Kiswahili na kamusi. Makanisa mengi ya nchi hii ni matawi ya mti huo au ya miti iliyopandwa karibu nao. Mambo yaliyokuja na meli hizo yalikuwa mazuri na magumu kwa pamoja: kitabu cha kusoma, uhuru wa mtumwa, na pia wazo fulani kuhusu binti mwema, gauni lake, na benchi atakalokalia akikosea. Bibi zetu nao walikuwa na sheria zao kali kwa wasichana, sitasema vinginevyo. Lakini ile ya kusimamishwa na kusomwa jina mbele ya kusanyiko, parishi za Uingereza ziliijua vizuri. Humo mtu aliyezini angeweza kutubu mbele ya watu akiwa amevikwa shuka jeupe.

Kwa hivyo nilipokuwa nikisoma nikidhani nimetoroka kijiji, nilikuwa nikisoma ukoo wetu. Ndiyo maana dada aliweza kuweka kidole kwenye ukurasa na kusema, hapa wamesema ukweli.

Sitaki vitabu hivi vichomwe. Sitaki hata mama aache kuvisoma. Baada ya siku nzima ya kuuza mboga ana haki ya dansi moja. Ninachotaka ni mwandishi mmoja, awe wa Minnesota au wa Machakos, achukue Charlotte Lamb na amwondolee daktari. Amwache na maziwa yake, kamati yake, baba yake wa madhabahuni, na Mungu wake. Kisha atuonyeshe kama huyo Mungu ana la kumwambia akiwa peke yake. Kama jibu ni ndiyo, hicho kitakuwa kitabu cha Kikristo kuliko vyote nilivyosoma. Kama jibu ni hapana, tutajua pia.

Kile cha shilingi 100 nilimpelekea mama Pasaka. Alikimaliza usiku huo huo, nikauona mwanga wa simu chini ya mlango hadi saa nane. Asubuhi nilimuuliza mwisho ni upi. "Waliooana, si unajua," akasema, akachota unga. Baada ya muda akaongeza, bila kunitazama, kwamba kulikuwa na msichana mwingine mule ndani, mfanyakazi wa jikoni, alifukuzwa sura ya sita na hawakusema tena alienda wapi. Alikuwa amerudi nyuma kumtafuta, akidhani ameruka kurasa.